Ubao wa Bei Huria

Eufrasia alikuwa amechuchumaa, anasugua rimu ya nyuma kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na harufu ya kambale ilikuwa bado haijatoka. Alikuwa ameiosha baiskeli hiyo mtoni Lumemo, kwanza kwa sabuni ya mche, kisha kwa majivu, lakini keria iliyobeba kambale wa kukaushwa kutoka Kivukoni kwa miaka yote hiyo haisafishiki kwa siku moja. Paka wawili wa sokoni walikuwa wamekaa mbele ya baiskeli, mikia imezungushiwa miguu, wakiitazama kwa heshima.

"Wafukuze hao," Kandida alimwambia kutoka kitandani. "Mteja akiwaona tu, kajua."

Kandida alikuwa kitandani kweli. Kitanda chenyewe kilikuwa cha mninga, cha futi nne kwa sita, naye alikuwa akitafuta wa kumuuzia tangu mavuno. Kila Jumatano alikileta kwenye gulio la Nguku kwa mkokoteni, akakitandika shuka la maua ili watu waone kinavyopendeza, na kwa kuwa watu waliona wakapita, alijilalia mwenyewe. Wapo waliokuwa wakiapa kwamba siku moja aliota amekiuza, akaamka anamdai chenji muuza nyanya wa jirani.

"Mimi leo sina muda wa kufukuza paka," Eufrasia alisema. "Nina mpaka saa sita."

Saa sita ndiyo trekta lingeondoka. Lilikuwa Katindiuka tangu juzi, linalima mashamba ya kando ya barabara, na likimaliza lingekwenda kuvuka mto kwa pantoni. Likishavuka, halirudi mpaka mpunga wa wenzako uwe umefika magotini. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha na ardhi ilikuwa laini. Eufrasia alikuwa na ekari zake mbili huko Katindiuka, na hakuwa na mtu wa kuzilima. Mwaka uliopita walilima kwa mkono, yeye na mumewe. Mwaka huu mgongo wa mumewe ulikuwa umeachia akiwa shimoni anachimba choo cha shule, katika zile kazi za kujitolea ambazo asiyejitolea hutozwa faini. Sasa alikuwa anatembea kwa kushika ukuta. Kwa hiyo baiskeli iuzwe asubuhi hii, trekta liingie shambani mchana huu, au nyumba nzima ikae mwaka mzima inanunua mchele kwa kibaba kama watu wa mjini.

Kuuza baiskeli zamani isingekuwa kazi. Mtu wa Nguku akitaka kuuza kitu alikishika mkononi. Mwenye kukitaka aliuliza, "Ngapi?" Akitajiwa aliguna, akaondoka, akaitwa, akarudi, akakilaumu kitu, akaondoka tena, na pale wote wawili walipochoka ndipo bei ilipopatikana. Kisha Bwana Fridolin, karani wa soko, akapelekwa semina Morogoro. Alikaa huko wiki nzima, akarudi na mkoba wa plastiki, kalamu mbili na soko huria.

Soko huria, aliwaeleza watu, maana yake kila mwananchi sasa yuko huru kujipangia bei. Na uhuru huo utatekelezwa hivi. Ukutani mwa ofisi ya soko ulipigiliwa ubao mweusi, ambao wenye macho waliutambua kuwa ni mlango wa ghala la ushirika uliopotea tangu ushirika ufe. Mchicha, dagaa na vitumbua viliachwa vijiuze vyenyewe. Lakini chochote chenye magurudumu, au kinachobebwa na watu wawili, au kinachotoa sauti, mwenyewe alitakiwa kwanza akiandike ubaoni: kitu, bei, jina. Bei ikishaandikwa haipungui wala haiongezeki, maana kubadilisha bei ni kuudanganya umma, na kuna faini. Ushuru ni asilimia kumi ya bei iliyoandikwa, unalipwa na muuzaji, na unalipwa kwanza. Jioni ubao unafutwa. Kama hukuuza, Jumatano ijayo unaanza upya na ushuru wako.

"Andika hamsini," Kandida alishauri, akijigeuza ubavu. "Elfu hamsini. Watu wanaheshimu kitu cha bei."

"Ndiyo maana wanakiheshimu kitanda chako, hakuna anayethubutu kukigusa," alisema Agapiti.

Agapiti alikuwa fundi saa, mtu mwembamba mwenye redio ya kuuza, naye alikuwa na sababu ya kuwa mchungu. Mwezi uliopita aliandika redio yake elfu tano ili iondoke upesi. Kabla ya mchana mgambo wa soko alikuwa amemshika ukosi anamuuliza ameiiba wapi, maana nani huuza redio nzima kwa elfu tano? Akalala ndani, yeye na redio. Asubuhi yeye alitolewa. Redio ilibakizwa kwa uchunguzi mpaka ligi ilipokwisha.

"Ukiandika kubwa, ushuru unakula," Agapiti aliendelea. "Ukiandika ndogo, wewe mwizi. Mimi nakwambia andika ishirini na saba mia tano. Namba ya ajabu ajabu. Mtu akiiona anajua huyu kakaa chini akapiga hesabu, hajaokota."

"Na hiyo mia tano chenji atatoa wapi?"

"Kandida, wewe lala."

Eufrasia hakuwasikiliza. Alikuwa ameokota kijiti, anachora mchangani. Trekta lilikuwa elfu kumi na mbili kwa ekari. Mbili, ishirini na nne. Akiandika ishirini na nne kamili, ushuru utakula elfu mbili na mia nne, trekta litamaliza kabla shamba halijaisha. Akiandika ishirini na saba, inatosha. Lakini ushuru wa ishirini na saba ni elfu mbili na mia saba, kabla hajauza kitu, na pindo la kanga yake lilikuwa na elfu mbili za kambale wa juzi, basi. Asilimia kumi ya nini ni elfu mbili? Ya elfu ishirini. Akatazama ile namba mchangani. Baiskeli haikuwa imejipangia bei, wala yeye hakuwa ameipangia. Bei ilikuwa imepangwa na pindo la kanga.

"Ishirini," alisema.

"Utapata ekari moja na nusu," alisema Agapiti, aliyekuwa hodari wa kuhesabu vidogo vidogo.

"Nitapata ekari moja na nusu."

Aliiegemeza baiskeli ukutani, kiroba cha mbegu kikiwa bado kimefungwa kwenye keria, akachukua chaki iliyokuwa imefungwa kwa kamba ili isiibwe, akaandika. Hajamaliza jina lake, mlango wa ofisi ukafunguka.

Bwana Fridolin alikuwa mtu wa suruali yenye mkunjo na viatu vyeusi vilivyong'aa hata siku ya matope. Hakuwa mtu mbaya nyumbani kwake. Alisoma ubao, akaitazama baiskeli, akausoma tena ubao kama daktari aliyeona homa.

"Mama Agnella," alisema, maana binti mkubwa wa Eufrasia aliitwa Agnella na sokoni wote walimjua kwa jina hilo. "Hii ni nini?"

"Baiskeli."

"Baiskeli naiona. Nauliza elfu ishirini ni nini. Hii ni Phoenix. Kwa mujibu wa waraka wa semina, Phoenix ni elfu arobaini na tano."

"Waraka umeiona keria ilivyopinda?"

"Waraka hauangalii keria."

"Umeinusa?"

Watu wakacheka. Fridolin hakucheka. "Mama, huu unaitwa ukwepaji. Unaandika ishirini ili ofisi ikose haki yake."

"Si ulitwambia kila mtu yuko huru kujipangia bei?"

"Uko huru. Lakini siyo uhuru wa kupanga bei ya chini."

"Basi inunue wewe kwa hiyo arobaini na tano. Nakuachia na pampu."

"Mimi ni msimamizi wa soko. Siwezi kuwa mshiriki." Akatoa leso, akafuta ile ishirini, akaandika arobaini na tano kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni. "Elfu nne na mia tano, tafadhali. Halafu utauza kwa amani."

"Sina."

"Basi haiuzwi."

Eufrasia alivuta pumzi, akaitoa. Alitazama jua. "Bwana Fridolin, mdogo wangu, nisaidie jambo moja. Nikiandika bure?"

Agapiti alinong'ona kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Asilimia kumi ya bure ni bure."

Fridolin alifikiri, na waliokuwa karibu wanasema walimwona anafikiri, jasho likamtoka puani. "Bure siyo bei," akasema mwishowe. "Bure ni zawadi. Na zawadi ina utaratibu wake." Akaingia ndani kabla hajaulizwa utaratibu gani.

Hapo ndipo trekta lilipotokea. Lilisikika kabla halijaonekana. Lilikuwa zee kiasi kwamba haliwaki mpaka lisukumwe kwenye mteremko, na kwa kuwa Ifakara ni tambarare kama meza, tajiri wake alikuwa amelipa vibarua wamjengee kilima nyuma ya nyumba. Likishawaka halizimwi. Dereva wake, kijana Nickolaus, alikula juu yake, akanyolewa nywele juu yake. Alipomwona Eufrasia alipunguza mwendo bila kusimama, na Eufrasia akawa anatembea kando yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nickolaus, nipe saa moja tu."

"Saa sina, mama. Najaza mafuta hapo mbele, halafu pantoni. Vipi, hela ipo?"

"Ya ekari moja naitafuta. Kumi na mbili naweza kupata."

"Kumi na nne, mama."

"Jana ulisema kumi na mbili!"

"Jana. Dizeli imepaa usiku. Mimi mwenyewe nimeamka nikaikuta huko juu."

"Inapaaje watu wamelala?"

"Soko huria."

"Na wewe ulikwenda semina?"

"Tajiri ndiye aliyekwenda." Nickolaus alikuna shingo. Naye hakuwa na furaha. "Ningekuwa mimi mwenye hili dude, ningekulimia tu, unanijua. Sasa lile zee, tajiri, likikuta hesabu imepungua, kazi hakuna. Noma, mama."

"Chukua baiskeli. Mpelekee hiyo."

"Baiskeli haiingii kwenye tangi, mama."

Akaongeza mwendo. Eufrasia akabaki katikati ya barabara, kitambaa cha mafuta ya taa mkononi, moshi mweusi unamzunguka. Trekta lilijaza mafuta likiunguruma, likakata kona ya kwenda mtoni, likapotea, na ikawa hata sauti yake haisikiki tena. Saa sita ilikuwa bado haijafika. Kumbe hata hiyo saa sita ilikuwa imepandishwa bei.

Aliporudi kwenye baiskeli alimkuta mtu anaizunguka. Alikuwa Makoye, Msukuma mrefu aliyehamia na ng'ombe wake ng'ambo ya Katindiuka misimu michache iliyopita. Nyuma yake walisimama maksai wawili wenye nira, wanavuta plau iliyotoka kuchomelewa kwa fundi, imelazwa juu ya panda la mti. Makoye aliminya tairi. Aliinusa keria, akatabasamu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," Eufrasia aliitikia. Salamu hiyo moja ya Kisukuma alikuwa ameshaijua, na kwamba mayu ni mama.

"Ngapi hii? Namtafutia mke wangu, Minza. Anabeba maziwa kichwani mpaka Kibaoni, shingo imeanza kuingia mabegani."

"Soma ubao."

Makoye aliutazama ubao, akatazama pembeni kama aliyeonyeshwa kitu cha aibu. "Mimi sinunui kwa kusoma, mayu. Nitajie mwenyewe. Mimi nikatae. Halafu tuongee."

"Hairuhusiwi kuongea. Ukipunguza ni faini."

"Sasa mtu ananunuaje kabla hajakataa?" Alikuwa ameudhika kweli, siyo mzaha. "Kwetu ndama anaweza kujadiliwa mpaka akawa ng'ombe. Ukilipa tu ile ya kwanza, mwenzio harudi nyumbani kwa raha. Atalala anajiuliza, kumbe angesema zaidi?"

"Kwa hiyo una arobaini na tano au huna?"

"Sina hata tano. Hela yote imekwenda kwa fundi wa plau."

Eufrasia alikuwa karibu amgeuzie mgongo. Macho yake yakaenda kwenye plau, yakapanda kwenye nira, yakakutana na macho ya maksai wa kulia, ambaye alikuwa anatafuna pole pole na hana haraka na jambo lolote duniani.

"Hao wanalima?"

"Wanalima hata wakiwa wanaota."

"Ekari mbili za Katindiuka. Nyepesi. Udongo umelowa."

Makoye akakunja mikono kifuani. Uso wake ulifunguka, maana sasa waliingia kwenye mazungumzo ya watu. "Ekari moja."

"Tatu."

"Ulisema mbili, mayu!"

"Na wewe umesema moja."

"Baiskeli inanuka kambale. Minza atafuatwa na paka mpaka nyumbani."

"Watalinda maziwa yasinywewe na mbwa. Tatu."

"Moja na nusu. Na keria imepinda."

"Imepinda kwa kubeba. Isiyobeba haipindi."

Agapiti aliingilia pembeni: "Dada, utamruhusu Msukuma aingize ng'ombe shambani kwako kwa hiari? Watalima wanakula!"

"Nyamaza wewe, redio yako imekaa rumande," alisema Makoye, na watu wakacheka, na Agapiti mwenyewe akacheka. Mgambo alikuwa amesogea kusikiliza. Lakini hakuna aliyetaja shilingi, na amri aliyopewa ilitaja shilingi tu. Waliendelea hivyo mpaka wote wawili wakachoka vizuri, wakaishia ekari mbili, pale pale ambapo kila mmoja alijua tangu mwanzo wataishia, na wote wakaridhika. Makoye angeanza kesho alfajiri.

Eufrasia alikwenda ubaoni. Akafuta ile arobaini na tano kwa kiganja, akaandika kwa herufi kubwa: BAISKELI. BEI: KULIMIWA EKARI MBILI. EUFRASIA.

Fridolin alitoka kabla vumbi la chaki halijatulia. "Hii siyo bei."

"Ni bei. Nimejipangia."

"Soko huria!" mtu alipaza sauti kutoka kwa wauza viazi, na wengine wakaitikia. Kandida alikuwa ameamka, ameketi kitandani, miguu inatafuta kandambili. "Kumbe inawezekana? Mimi naandika kitanda, bei, kuezekewa nyumba upande wa magharibi."

Fridolin aliona hatari. Akikataa, watu wako pale na waraka wake mwenyewe wameukariri. Akikubali hivi hivi, Jumatano ijayo ubao mzima utajaa kuku, kuezeka na kupakuliwa mbolea, na ofisi itakula nini? Akanyanyua kidole.

"Sawa. Lakini ushuru uko pale pale. Bei ni kulimiwa ekari mbili, basi ofisi inachukua asilimia kumi ya kulimiwa. Na inalipwa kwanza."

Alikusudia fedha. Alikuwa tayari anazidisha kichwani, ekari mbili kwa bei mpya ya trekta, gawanya kwa kumi. Lakini hakusema fedha. Alisema kulimiwa, mbele ya umati, kwa sauti ya semina, na Makoye alimsikia.

"Sehemu moja ya kumi ya kulima," Makoye alirudia, ili asikosee.

"Ndivyo sheria inavyosema."

"Shamba lako liko wapi?"

"Shamba? Mimi sina shamba, bwana. Mimi ni mtu wa ofisi."

"Basi ni la ofisi," alisema Makoye, akateremsha plau.

Kiwanja cha ofisi ya soko kilikuwa kikubwa, kimefagiliwa, kimekanyagwa na wenye shida mbalimbali tangu enzi za ukoloni. Makoye alikipima kwa hatua, kutoka kona ya choo mpaka nguzo ya bendera, akarudi, akaguna kwamba kitatosha. Akawapigia maksai mluzi. Plau iliuma pale penyewe chini ya ngazi, udongo mweusi ukapinduka na kung'aa, na mstari wa kwanza ukaenda umenyooka kama umepigwa rula.

"Simamisha!" Fridolin alipiga kelele. "Mgambo! Kamata!"

Mgambo alisogea hatua mbili, akasimama. Alikuwa na amri ya kumkamata asiyelipa ushuru, na huyu alikuwa analipa.

Plau ilifukua vizibo vya soda, kufuli bila ufunguo, kiatu cha mtoto, na kwenye mstari wa kama wa tano ilifukua meno ya bandia ya juu, ambayo wazee wote waliokuwepo waliyatazama na kila mmoja akasema hayajui. Watu waliacha meza zao. Wauza dagaa walikuja, muuza nyanya alikuja, na kila maksai wakigeuka kwenye nguzo ya bendera vifijo vilipanda. Fridolin alikuwa amesimama kwenye ngazi, viatu vyake vinang'aa, na mbele yake hapakuwa na pa kukanyaga. Alisema waraka. Alisema wilaya. Alisema gharama. Makoye alimjibu kwa heshima kila alipopita: "Bado kidogo, bwana mkubwa. Ofisi haiwezi kupunjwa." Alipomaliza aliomba stakabadhi. Fridolin aliikataa mara ya kwanza. Umati ukaanza kuhesabu kwa sauti makosa ya karani anayepokea ushuru bila kutoa stakabadhi, na karani mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Akaandika. *Imepokelewa: kulima.*

Eufrasia alicheka mpaka akakaa chini. Hakukumbuka lini alicheka hivyo. Kisha akainuka, akafungua kamba za mpira kwenye keria na kuteremsha kiroba cha mbegu alichokuwa amekuja nacho ili asie mara trekta likishalima, akakishika ubavuni kama mtoto. Akaushika usukani wa baiskeli mara ya mwisho, akaukabidhi.

"Basi kesho alfajiri," alisema.

"Kesho alfajiri, mayu. Nitaanzia juu, barabarani, nashuka. Kile kipande cha chini, cha karibu na mfereji, ndicho nitakachokuachia."

"Kipande gani?"

"Cha ushuru." Makoye alionyesha kiwanja kwa kidevu. "Tumeelewana ekari mbili. Hiki nimeshalima."

Kicheko kilimtoka Eufrasia usoni pole pole. "Lakini hiki si changu. Hiki ni cha ofisi."

"Ushuru ni wa muuzaji. Si ndivyo sheria ya ubao inavyosema? Mimi ni mnunuzi." Hakuwa anamdhulumu, na hilo ndilo lililouma. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kuona haya. "Ng'ombe wangu wamechoka hapa sawasawa na ambavyo wangechoka kwako, mayu. Nikikuongezea, bei itakuwa imebadilika. Na wewe umesema kuna faini."

Eufrasia alimtazama, akamtafutia kosa, hakuliona. Kile kipande cha chini ndicho kilichoshika maji mwaka uliopita, ndicho kilichowafikisha mpaka mavuno ya mahindi. Sasa atakilima kwa jembe la mkono, peke yake, na huku mume anamtazama kutoka ukutani. Na hapa mbele yake, chini ya bendera, kipande hicho hicho kilikuwa kimelimwa vizuri kuliko shamba lolote la Katindiuka, kinafuka mvuke juani, na hakina kazi.

Makoye aliifunga baiskeli juu ya plau, kwa kuwa hakuwa anajua kuiendesha, akaaga, akaondoka na maksai wake. Watu walianza kurudi kwenye meza zao. Vichekesho viliendelea, lakini kwa mbali.

Eufrasia alivua kandambili. Alikunja kanga kiunoni, akafungua mdomo wa kiroba, akaingia kwenye udongo. Ulikuwa wa baridi, unatitia mpaka kwenye vifundo. Akachota konzi ya mbegu, akairusha kwa mkono mpana, kama mama yake alivyomfundisha, na mbegu zikaanguka zimetawanyika sawa.

"Mama Agnella!" Fridolin alikuwa bado kwenye ngazi. "Unafanya nini?"

"Nasia."

"Hapo ni ofisini!"

"Hapa nimepalipia baiskeli."

"Huwezi kupanda mpunga kwenye ofisi ya serikali. Kuna taratibu. Kuna... Mama, watu watapita wapi?"

"Wapite kwenye tuta, kama wanavyopita mashambani." Alirusha konzi nyingine. Hakuwa anapaza sauti. "Mwezi wa tano nitakuja kuvuna. Asilimia kumi yako nitakuachia kwenye ngazi."

Kandida alikuwa ameacha kitanda. Alivunja tawi la mkorosho nyuma ya choo, akaingia nalo, akaanza kuliburuta juu ya matuta nyuma ya Eufrasia.

"Funika funika, wewe, ndege hawangoji," alisema. "Na usisie nene hivyo, utajaza majani."

"Mkono wangu huo."

Fridolin aliwatazama. Akaingia ndani kutafuta waraka unaohusu mpunga, na makabati yakasikika yakifunguliwa moja baada ya jingine. Eufrasia alifika kwenye nguzo ya bendera, akaizunguka, akaendelea kusia.